Selimundu: Tiba Iliyo Mbali na Wajibu Ulio Karibu

 

Waislamu wenzetu, mwezi Novemba mwaka 2023 Uingereza iliruhusu itumike kwa wagonjwa dawa ambayo mfano wake haukuwahi kuruhusiwa popote duniani. Ni dawa inayofanya kazi kwa kukata na kurekebisha vinasaba vya mgonjwa mwenyewe. Mwezi uliofuata ikaruhusiwa Bahrain na Marekani, na Januari 2024 ikaruhusiwa Saudi Arabia. Jina lake ni Casgevy, na maradhi iliyoelekezewa ni selimundu pamoja na ndugu yake thalasemia.

Habari hizi zilipowafikia watu wetu zilipokelewa kwa namna mbili. Wapo walioposikia kwamba vinasaba vinarekebishwa walitahayari, wakasema huko ni kubadili maumbile aliyoyaumba Mwenyezi Mungu. Wapo pia waliofurahi wakadhani kwamba tabu imekwisha, na kwamba lililobaki ni kungoja dawa ishuke bandarini. Sisi tunaona kwamba wa kwanza wamekataza kisichokatazwa, na wa pili wamelala wakati wa kuamka. Tiba ile ni halali kwa masharti yake, lakini iko mbali. Yaliyo karibu, yenye kuokoa watoto wengi zaidi kwa gharama ndogo, yamo mikononi mwetu leo, na sehemu yake kubwa inaanzia msikitini.

Maradhi yenyewe

Selimundu, ambayo wengine huiita sikoseli, ni maradhi ya kurithi. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna kitu kiitwacho hemoglobini, nacho ndicho kinachobeba oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha kila pembe ya mwili. Mwaka 1956 mwanasayansi Vernon Ingram, akiwa Cambridge nchini Uingereza, alionesha kwamba hemoglobini ya mgonjwa inatofautiana na ya mzima kwa kiungo kimoja tu. Katika mnyororo wenye viungo 146, kiungo cha 6 ndicho kilichobadilika. Kwa sababu ya kiungo hicho, hemoglobini hushikamana yenyewe kwa yenyewe inapopungukiwa na oksijeni, na chembe iliyokuwa laini na ya duara hujikunja ikawa mfano wa mundu wa kuvunia mpunga.

Chembe yenye afya huishi siku 120 hivi, ilhali chembe mundu huishi siku 10 hadi 20. Ndiyo maana mgonjwa huishiwa damu mara kwa mara. Tena chembe hizo hukwama katika mishipa myembamba, damu ikazuilika, na hapo ndipo hutokea yale maumivu makali ya mifupa, kuvimba vidole vya mikono na miguu kwa mtoto mchanga, na hata kiharusi kwa mtoto ambaye bado hajaanza shule.

Haya si maradhi ya watu wa mbali. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2023 yalionesha kwamba katika mwaka 2021 walizaliwa duniani watoto wapatao 515,000 wenye selimundu, na zaidi ya robo tatu yao walizaliwa Afrika kusini mwa Sahara. Kwa Tanzania inakadiriwa kwamba huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Kuhusu wanaokosa matibabu, wataalamu walikadiria mwaka 2011 kwamba barani kwetu baina ya asilimia 50 na 90 ya watoto hawa hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Wengi wao huzikwa bila ya jina la maradhi yao kujulikana. Husemwa alikuwa na homa, au alipungukiwa na damu, au alipigwa na kijicho.

Kwa nini maradhi haya yakakithiri kwetu? Jibu lilipatikana katika ardhi yetu wenyewe. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, aliona kwamba vinasaba vya selimundu ni vingi kwa wakazi wa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni vichache kwa wakazi wa nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alitangaza sababu yake. Mtu aliyerithi kinasaba kimoja tu hawi mgonjwa, bali huwa na kinga dhidi ya malaria kali. Palipo na mbu wengi, watu wa namna hiyo walisalimika na kuzaa, na kinasaba kikaenea. Basi kilichokuwa kinga kwa mzazi huwa mtihani kwa mtoto pale kinapokutana na mwenziwe.

Ni katika kukutana huko ambapo watu wengi hawaelewi vyema. Mtoto huwa mgonjwa pale anaporithi kinasaba kimoja kwa baba na kingine kwa mama. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa wazima wa afya, wasiojua kamwe kuwa ni wabebaji. Wakioana wabebaji wawili, basi katika kila mimba kuna sehemu moja kati ya nne kwamba mtoto atakuwa mgonjwa, sehemu mbili kwamba atakuwa mbebaji kama wao, na sehemu moja kwamba atasalimika kabisa. Tunasisitiza neno kila mimba. Wako wanaodhani kwamba akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Kila mimba huanza hesabu yake upya.

Kwa hiyo mwenye kumtaliki mkewe kwa madai kwamba amemletea watoto wagonjwa amedhulumu, kwani nusu ya maradhi hayo imetoka kwake. Na mwenye kumfungia mtoto hirizi, au kumpeleka kwa mganga akachanjwe chale atolewe pepo, amekusanya makosa mawili, la itikadi na la kumchelewesha mtoto kupata matibabu. Dua na kisomo cha sharia vina nafasi yake kwa kila mgonjwa, wala hatumzuii mtu. Lakini Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuomba na akatufundisha pia kujitibu, na asiyetekeleza ila moja katika hayo mawili hajafuata mafundisho yake kwa ukamilifu.

Tiba mpya inavyofanya kazi

Mwaka 1948 tabibu wa Marekani aitwaye Janet Watson alizingatia jambo ambalo mama wengi wameliona pasi na kujua maana yake. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akiwa hana dalili, na maradhi hujitokeza baada ya miezi kadhaa. Sababu ni kwamba mtoto akiwa tumboni huwa na hemoglobini ya aina nyingine, hemoglobini ya uchanga, ambayo haijikunji. Baada ya kuzaliwa, mwili huifunga ile ya uchanga na kufungua ya ukubwani, na hapo ndipo penye kasoro. Baadaye ikaonekana kwamba wagonjwa wengi wa mashariki ya Saudi Arabia, huko Qatif na Al-Ahsa, maradhi yao ni mepesi kuliko ya wengine, kwa sababu hemoglobini ya uchanga hubaki kwa wingi katika damu yao hata ukubwani.

Mwaka 2008 watafiti wa Boston, akiwamo Stuart Orkin, walionesha kwamba jeni iitwayo BCL11A ndiyo yenye kuifunga hemoglobini ya uchanga. Kabla ya hapo na baada yake watu walikuwa wakitafuta chombo cha kukatia vinasaba mahali maalumu pasipo kuharibu pengine. Chombo hicho, kiitwacho CRISPR, kilielezwa mwaka 2012 na Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna, na mwaka 2020 wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Tiba yenyewe inakuwa hivi. Mgonjwa hutolewa seli zizazo damu, ambazo makazi yake ni uloto, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa. Seli hizo hupelekwa maabara, na ile sehemu ya BCL11A inayofanya kazi katika damu hukatwa. Kisha mgonjwa hulazwa na kupewa dawa kali ya kuusafisha uloto wake wa zamani, na baadaye hurudishiwa seli zake zilizorekebishwa. Zikishika, huanza kuzalisha damu yenye hemoglobini ya uchanga. Mgonjwa wa kwanza wa selimundu kutibiwa hivyo Marekani, Bibi Victoria Gray, alitibiwa mwaka 2019. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilipoiruhusu Casgevy kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi, ilieleza kwamba kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha, 29 walipitisha miezi 12 mfululizo bila ya kupatwa na maumivu makali ya maradhi yao.

Wenye kuuguza watoto hawa wanajua uzito wa maneno hayo. Mwaka mzima pasina usiku hata mmoja wa kukesha hospitali.

Hukumu ya sharia

Je, jambo hili ni katika kubadili maumbile? Maulamaa walilitazama mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwezi Rajab 1419, sawa na Oktoba 1998, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya Rabita huko Makka, katika kikao chake cha 15, lilipitisha kwamba inajuzu kutumia elimu ya vinasaba kwa ajili ya kukinga maradhi, kuyatibu au kupunguza madhara yake, maadamu haipelekei kwenye madhara makubwa zaidi. Likakataza kuitumia elimu hiyo kwa shari na uadui, au kuchezea utu wa mwanadamu, au kuingilia vinasaba kwa madai ya kuboresha kizazi cha binadamu. Likashurutisha pia ridhaa ya mhusika na kuhifadhiwa siri ya majibu yake.

Upambanuzi huu una asili. Imepokewa kwamba sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, akajitengenezea pua ya fedha ikamnukia vibaya, na Mtume (S.A.W.) akamuamuru avae ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume kujipamba. Kurudisha kilichopotea si sawa na kubadili kilicho sawa. Na damu yenye kujikunja ni maradhi, si pambo.

Lakini yapo mambo mawili ambayo ni lazima yajulikane. La kwanza ni kwamba ile dawa ya kusafisha uloto inaweza kumwondolea mgonjwa uwezo wa kuzaa. Kuhifadhi kizazi ni katika makusudio makuu ya sharia, kwa hiyo mgonjwa na wazazi wake wana haki ya kuelezwa jambo hilo waziwazi kabla ya kuanza, na wamuulize mwanachuoni kama wanavyomuuliza daktari. La pili ni kwamba tiba hii hurekebisha damu ya mgonjwa peke yake. Haigusi mbegu ya uzazi. Aliyetibiwa akapona ataendelea kumrithisha kila mtoto wake kinasaba kile kile. Basi hata siku dawa hiyo itakapomfikia kila mtu, haja ya kujua damu ya mchumba itakuwa iko pale pale.

Kuigusa mbegu ni mlango mwingine, na uliofunguliwa vibaya. Mwezi Novemba 2018 mtafiti wa China aitwaye He Jiankui alitangaza kwamba amebadili vinasaba vya mabinti pacha tangu wakiwa viini, akidai anawakinga na virusi vya UKIMWI. Watafiti wenzake duniani walimlaani, na Desemba 2019 mahakama ya nchi yake ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu. Kosa litendwalo kwenye mbegu huenda kwa wajukuu ambao hawakuulizwa. Hapo tunasimama pamoja na waliosema hapana.

Tuitazame gharama

Bei iliyotangazwa Marekani kwa mgonjwa mmoja ni dola milioni 2.2. Tufanye hesabu nyepesi. Lau watoto 11,000 wanaozaliwa Tanzania katika mwaka mmoja wangetibiwa kwa bei hiyo, zingehitajika dola bilioni 24.2. Fedha hizo zinapindukia bajeti nzima ya Serikali ya mwaka wa fedha 2024/25, ambayo ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Yaani tusingejenga barabara, tusingelipa mwalimu, tusingenunua hata sindano, na bado tungedaiwa.

Wapo wanaojitahidi kuipunguza gharama hiyo. Mwaka 2019 taasisi za taifa za afya za Marekani na Taasisi ya Gates ziliahidi kila moja kutoa angalau dola milioni 100 kutafuta tiba za vinasaba zitakazowezekana Afrika. Nasi tuna hatua zetu. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, ambao hupewa seli za ndugu yao mzima anayewiana nao. Tunawapongeza kwa dhati. Lakini si kila mtoto ana ndugu wa namna hiyo, wala hospitali moja haiwezi kubeba mzigo wa taifa zima.

Yaliyo mikononi mwetu

Hebu sasa tuyatazame ya karibu. Mwaka 1986 ilithibitika Marekani kwamba mtoto mdogo mwenye selimundu akipewa penisilini ya kumeza kila siku, maambukizi makali ya vijidudu vya nimonia hupungua kwa asilimia 84. Penisilini ni katika dawa za zamani na za bei nafuu. Lakini ili apewe, lazima ijulikane mapema kwamba ni mgonjwa, na kipimo chake ni tone la damu ya kisiginoni mtoto anapozaliwa.

Ipo pia dawa iitwayo haidroksiyurea, kidonge ambacho huongeza ile hemoglobini ya uchanga tuliyoieleza. Yaani kazi ambayo Casgevy inaifanya kwa kukata, kidonge hiki huifanya kwa kiasi chake kwa kumezwa. Kwa muda mrefu ilihofiwa kwamba huenda kikawadhuru watoto wa Afrika, kwa ajili ya malaria na lishe duni. Utafiti ukafanywa kwa watoto 606 katika miji ya Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa nchini Kongo na Luanda nchini Angola, na majibu yake yakachapishwa mwaka 2019. Kwa kila watoto 100 wakifuatiliwa mwaka mmoja, matukio ya maumivu makali yalishuka kutoka 98 hadi 45, malaria ikashuka kutoka 47 hadi 23, na vifo vikashuka kutoka 3.6 hadi 1.1. Haikuwadhuru, bali iliwahifadhi. Mzazi asimpe mwanawe dawa hii bila ya daktari, kwani hupimwa kwa uzito wa mtoto na damu yake huangaliwa mara kwa mara. Lakini mzazi aliyeambiwa na daktari aitumie, naye akaiacha kwa maneno ya jirani, huyo amejinyima na amemnyima mwanawe.

Kabla ya nikaha

Kuliko yote hayo, kilicho chepesi zaidi ni kipimo kimoja cha damu kabla ya ndoa. Nchini Uganda, katika miaka ya 2014 na 2015, walipimwa watoto wachanga karibu 98,000, na zaidi ya 13 katika kila 100 wakaonekana ni wabebaji. Tanzania hali haipungui hapo. Basi katika safu za vijana wanaoswali nyuma ya imamu wetu kila Ijumaa wamo wabebaji, na takriban wote hawajijui.

Saudi Arabia iliufanya upimaji huu kuwa wa lazima kwa kila mwenye kutaka kuoa tangu mwaka 2004, na Bahrain ikatunga sheria yake mwaka huo huo. Zingatia kwamba Saudi Arabia wanalazimishwa kupima, lakini hawalazimishwi kuachana. Mwenye kutaka kuendelea anaachiwa baada ya kushauriwa. Matokeo yake ni yapi? Mwaka 2004, katika wachumba walioambiwa kwamba wote wawili ni wabebaji, walioghairi walikuwa asilimia 9 tu. Mwaka 2009 walioghairi walipindukia nusu. Hawakulazimishwa na askari. Walielimishwa wakaelewa.

Tunajua hoja zitakazoletwa. Ya kwanza ni ya qadar, kwamba kilichoandikwa ndicho kitakachokuwa. Tunamuamini Mwenyezi Mungu na qadar yake, ya heri na ya shari. Lakini Khalifa Umar bin al-Khattab (R.A.) alipokuwa njiani kuelekea Sham akapewa habari za tauni, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia qadar, alibainisha kwamba kurudi kwake nako kumo katika qadar. Hatumjui mwenye imani kumshinda Umar.

Ya pili ni hofu ya aibu, kwamba binti akijulikana ni mbebaji hataposwa. Hofu hii ina msingi, na dawa yake ni siri na elimu. Majibu ni ya wenyewe wawili, si ya mashangazi wala majirani. Na mbebaji si mgonjwa. Anaweza kuolewa na yeyote asiye na kinasaba hicho, na hakuna hata mtoto wao mmoja atakayepata selimundu. Asiyetakiwa kwa mbebaji ni mbebaji mwenziwe. Kwa mamia ya vijana waliobaki hana kizuizi.

Ya tatu ni ya wenye kupenda kuozana kwa udugu. Sharia imeruhusu binamu kuoana, nasi hatuharamishi kilichoruhusiwa. Tunasema tu kwamba waliotoka kwa babu mmoja wana uwezekano zaidi wa kurithi kinasaba kimoja, kwa hiyo kwao kipimo kina haja kubwa zaidi.

Na kipimo kifanywe mapema, wakati wa posa. Kupima baada ya mahari kutolewa, kadi kusambazwa na sufuria kuazimwa ni kuwaweka vijana katika dhiki, kwani hapo hakuna anayethubutu kurudi nyuma.

Kila mmoja na sehemu yake

Imamu na mwenye kufungisha ndoa, ulizia kipimo hicho pale tu unapoletewa habari ya posa. Huna mamlaka ya kuzuia nikaha iliyotimiza nguzo zake, lakini nasaha ni wajibu wako. Na khutba moja kwa mwaka juu ya maradhi haya si nyingi.

Walimu wenzetu wa madrasa, tunao watoto hawa katika mikeka yetu. Mtoto mwenye selimundu anahitaji kunywa maji mengi na kwa hiyo kutoka haja ndogo mara kwa mara. Tusimnyime ruhusa. Baridi humchochea maumivu, basi asilowe mvua, na anapotawadha asubuhi ya baridi apashiwe maji moto. Asisimamishwe juani kwa adhabu, wala asifanyishwe kazi ya kumchosha. Akikosa siku tatu tusimwite mvivu, tukamuulizie nyumbani kwao. Na katika mwezi wa Ramadhani asihimizwe kufunga kwa kushindana na wenziwe, kwani ukavu wa mwili ni katika vinavyoamsha maradhi. Mgonjwa ana ruhusa yake iliyo wazi, na daktari wake ndiye wa kuulizwa.

Wenye mali, katika wenye kustahiki zaka wamo mafakiri wanaouguza watoto hawa na kushindwa kununua vidonge vya mwezi. Mababu zetu katika dini waliiona kazi hii. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, iliendeshwa kwa mali ya wakfu. Hatuombi jengo la namna hiyo leo. Chumba kimoja cha kupangisha, kikiwekwa wakfu kwa ajili ya dawa za watoto wa mtaa, ni mwanzo mzuri.

Vijana wenye nguvu, wagonjwa hawa huongezewa damu mara nyingi, na damu haitengenezwi kiwandani. Siku ya kuchangia damu katika uwanja wa msikiti haigharimu ila nusu saa ya mtu na kikombe cha chai.

Na sote kwa pamoja, kupitia viongozi wetu, tuiombe Serikali ipime kila mtoto anayezaliwa na iieneze haidroksiyurea hadi kwenye zahanati za vijijini. Tuidai pia sehemu yetu katika tiba mpya. Elimu ya maradhi haya ilichotwa kwa sehemu kubwa katika damu ya watu wa pwani yetu na ziwa letu. Si haki kwamba matunda yake yaishie kwa wenye mamilioni ya dola.

Tumuombe Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie tuwe wenye kuyasikia maneno na kuyafuata yaliyo mazuri zaidi. Wabillahi tawfiq.